Ext4 ndani ya kerneli au kama moduli?
Unapojenga kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), amri ya make menuconfig inakuuliza kuhusu kila mfumo wa faili, yaani namna ya kupanga faili kwenye diski, kama ext4: y, uingie ndani ya kerneli yenyewe, au m, ukae pembeni kama moduli, kipande kinachopakiwa baadaye.

Kwa mfumo wa faili ulioshika mzizi (/), pale Linux yenyewe ilipo, mimi nachagua y bila kusita. Ukiweka CONFIG_EXT4_FS=m, moduli ya ext4 inahifadhiwa ndani ya /lib/modules, na kwa kawaida hiyo ni diski ileile ambayo kerneli haiwezi kuisoma kabla ya kuipata moduli. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Bila initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye RAM kompyuta inapowaka) ya kuibeba, kompyuta inakwama njiani ikiwaka na kuandika "VFS: Unable to mount root fs". Dereva ya diski (programu inayoiwezesha kerneli kuitumia diski), kama ile ya diski za SSD aina ya NVMe, nayo iwe y. Hapo ni rahisi sana kusahau!

Moduli nayo ina nafasi yake. exFAT ya flashi, au NTFS3 (ya kusoma na kuandika diski za NTFS za Windows) iliyoingia kwenye kerneli 5.15 mwaka 2021, hutumika mara mojamoja; ukiziwekea m zinapakiwa zinapohitajika tu, na kerneli inabaki nyepesi. Distro (matoleo ya Linux yaliyo tayari kusakinishwa) zinazolenga mashine za kila aina huegemea sana moduli, zikisindikizwa na initramfs.