Jeep ya kununua kwa njia za msituni kutoka Bukavu: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: ninunue jeep gani ili nivuke msitu wa Kahuzi-Biega hadi Bunyakiri na Hombo, au nishike njia ya Mwenga na Kamituga, nilale njiani na familia, kisha nirudi Bukavu na gari lile lile? Wengi huanza na viti, rangi na kiyoyozi. Mimi naanza na mekanisie, fundi wa magari, wa kijijini. Gari likizimika mbali na mji, mvua inanyesha na giza linaingia, nani atalifungua, na kwa funguo zipi? Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho.

Jambo moja kwanza: hakuna jeep inayoshinda njia iliyofungwa na vita. Waulize madereva wa malori walioingia mjini asubuhi ile ile. Habari ya juma lililopita imeshachakaa.

Ya kwanza: Toyota Land Cruiser 70 yenye injini 1HZ

Iwe ile ndefu ya Hardtop (78) au ya milango mitano (76), injini ni ile ile: lita 4.2, silinda sita, ya mazutu (dizeli), bila turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na bila kompyuta ya kuongoza pampu. Toyota wameitengeneza tangu mwaka 1990, na kila garaji la Bukavu lina mtu aliyekwisha kuifungua na kuifunga. Ukiitilia mazutu mabaya itakohoa na kutoa moshi, lakini mara nyingi itakufikisha. Nyuma ina malame, yale machuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Moja likivunjika, hufungwa kwa mpira na waya na safari inaendelea. Mapine ya 7.50R16 yenye chemba ndani huzibwa kandokando ya barabara kwa vyuma viwili na mikono yenye nguvu.

Ina kasoro, nazo uzijue. Ni nzito kupanda. Bukavu tuko karibu mita 1,500, na njia inayokata msitu wa Kahuzi-Biega inapita mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo yenye nguvu za farasi karibu 130 huchoka. Utakaa nyuma ya lori la Fuso muda mrefu. Bila mzigo, nyuma inaruka na mgongo utauma. Na usicheze na mkanda wa distribisyon, ule unaoendesha vali za injini: ubadilishwe kila kilometa 100,000, maana ukikatika unaweza kuharibu injini nzima. Muuzaji asipoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu bei ya mkanda mpya na umpunguzie.

Kwa kulala, Hardtop haina mpinzani. Toa yale mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, tandika godoro, funga chandarua. Watu wazima wawili na mtoto wanalala, na mvua ya Hombo inapiga bati tu.

Ya pili: Hilux ya kabini mbili

Ni nyepesi na inakula mazutu kidogo kuliko ile ya kwanza. Nyuma ina nafasi ya vidumu, mahema na gurudumu la akiba. Ukipata yenye injini ya zamani ya 5L, isiyo na turbo, utakwenda polepole lakini utatengenezewa popote. Zile za D-4D, injini za Toyota za kisasa zenye turbo na injekta zinazoongozwa na kompyuta, zina nguvu zaidi, ila zinadai mazutu safi. Nitakueleza kwa nini.

Ya tatu: Nissan Patrol Y61, lita 4.2

Kwa ugumu wa chasi na ekseli, Patrol hii haina aibu mbele ya Land Cruiser, na springi zake zinabembeleza mgongo. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya vipuri tu: cha Toyota utakipata mjini siku ile ile, cha Patrol unaweza kungoja kitoke mbali. Ikiwa ni ya lita 3.0, yenye injini ZD30, iache. Zile za miaka ya mwanzo zina sifa mbaya ya kufa ghafla.

Ya nne: Prado

Niliwahi kuwa nayo, ya D-4D, viti vya ngozi. Tukirudi kutoka Bunyakiri tulitia lita 20 za mazutu ya kidumu kandokando ya barabara. Hatukwenda mbali. Injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, kisha ikalala. Mekanisie wa pale akafungua filta, akamimina yaliyomo ndani ya chupa ya plastiki, akaisimamisha juu ya jiwe. Tukangoja. Baada ya dakika chache maji yalikuwa yamekaa chini ya chupa, unene wa kidole kizima, na mazutu ya njano juu yake. Ugonjwa aliujua. Dawa hakuwa nayo, maana injekta za namna ile hupimwa kwa mashine. Tulivutwa hadi mjini na Hardtop.

Prado ni gari zuri kwa Kavumu, Uvira na mjini. Msituni, kama ni lazima, usinunue ile yenye mifuko ya hewa badala ya springi nyuma, na usitie mazutu kabla ya kuyapima kwa chupa. Mimi chupa tupu haikosi garini tangu siku ile.

RAV4 na ndugu zake siwapangi. Hazina gia ya chini ya kujikokota matopeni, na tumbo liko karibu na ardhi. Malori huacha mifereji mirefu ya magurudumu yenye kilima katikati, na RAV4 hukalia kilima hicho magurudumu yakining'inia.

Na karavani je?

Nyumba ya kukokotwa usinunue kwa njia hizi. Malori yakikwama, wote hujipanga, na mara nyingi inabidi urudi nyuma mita mia ili kumpisha mwingine. Ukiwa na karavani, utarudi wapi? Hema la juu ya gari ni bora, ila lisizidi uzito ambao paa linabeba. Ukihitaji trela, nunua fupi ya ekseli moja, yenye magurudumu yale yale ya jeep yako, ili gurudumu moja la akiba litumike kote. Ongeza kamba nzito, beleshi, panga, na ubao mpana wa kuweka chini ya kriki (jeki), la sivyo matope yataimeza.

Siku ya kununua

Magari mengi mazuri hutoka kwenye mashirika ya misaada. Utayajua kwa matundu ya antena kubwa kwenye bampa ya mbele. Omba daftari la matengenezo. Linganisha namba ya chasi na ile ya kwenye karti rozi (kadi ya gari), herufi kwa herufi. Ingia chini na tochi, utazame nyufa kwenye chasi pale malame yanapofungwa. Usukani uwe kushoto, maana sisi huku Kongo tunaendesha upande wa kulia.

Mwisho, gusa injini kabla haijawashwa. Ukikuta ni ya moto, muuzaji ameshaipasha kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na asiiwashe mpaka ufike.