Tahadhari: Muuza "dawa ya kuzuia maji" ya bafuni, Kariakoo

Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea kuwaonya wenzangu. Ukarabati wenyewe wa bafu nilikuwa nimeuahirisha hadi Januari. Nilitaka tu bafu lisiendelee kuvujia kwa jirani wa ghorofa ya chini, ambaye dari yake ya jipsamu ilikuwa imeanza kuota doa la kahawia.

Mtu huyo nilimkuta nje ya duka la vifaa vya ujenzi, mezani pake pamepangwa makopo meupe ya lita nne. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaniuliza bafu lina miaka mingapi na maji yanatokezea upande gani, maswali ambayo mafundi wawili waliotangulia hawakuyauliza. Kisha akachukua kigae kilichopakwa dawa yake, kilichozungushiwa ukingo wa simenti kama sinia, akakijaza maji na kukiweka juu ya bakuli tupu, akanitaka nitazame saa. Baada ya dakika kumi na tano alikiinua na kuniambia nipitishe kidole chini yake. Palikuwa pakavu kabisa. "Mama, hata tone," alisema, nami papo hapo nikamtumia kwa simu shilingi 180,000 za makopo mawili, pamoja na 40,000 za kijana wake wa kupaka.

Msinihukumu haraka. Nilitaka makopo matatu, naye akanikatalia akisema mawili yanatosha, na mtu anayekupunguzia gharama humdhanii kuwa ni tapeli. Kijana wake naye alifika saa ileile aliyoahidi, na mnajua jambo hilo lilivyo adimu kwa mafundi wetu.

Siku ya tatu, watoto walipomaliza kuoga, sakafu iligeuka nyeupe kama tui, na nilipokwangua kwa ukucha ukatoka utando laini unaonata. Mtoto wa jirani, ambaye ni seremala, alinusa kopo na kusema bila kusita kuwa ni gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Gundi ile ikikauka hung'aa, lakini ikilowa tena hulegea. Usiku huohuo kipande cha dari kilianguka juu ya meza ya chakula ya jirani yangu, na tangu hapo kila tukikutana ngazini nashindwa kumtazama usoni.

Kinachoniuma zaidi ni lile jaribio. Kigae chenyewe, hata kisipopakwa chochote, hakivujishi maji! Maji hupenya kwenye grauti iliyopasuka, yaani ile simenti ya kujazia mianya kati ya vigae, kwenye kona ambapo ukuta hukutana na sakafu, na kuzunguka tundu la kutolea maji. Alinionyesha mahali pasipovuja, nami nikalipa.

Mtu huyu akamatwe, afikishwe mahakamani na alipe dari ya watu, kwa sababu anajua wazi kuwa anauza gundi. Kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa mkono, bila jina la kiwanda wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na risiti aliyonipa haikuwa ya mashine. Hayo nayaona leo, ilhali siku ile nilikuwa nikitazama bakuli tu. Simu yake haipatikani, na pale alipokuwa sasa anakaa muuza tochi.

Fundi niliyemwita baadaye alifunga koki zote na kutazama mita, nayo haikuzunguka, ndipo akaacha kushuku mabomba ya maji safi. Aliondoa grauti mbovu, akaliacha bafu likauke siku mbili, akajaza grauti mpya, akaziba kona kwa silikoni na kutukataza kuoga humo kwa saa 24. Nilimlipa 65,000, na mpaka leo halijavuja.

Taarifa nimeshaitoa polisi, na kopo la pili ninalo, halijafunguliwa. Yeyote aliyenunua kwake asilitupe lake, anitafute twende pamoja.