Tein Flex Z au BC Racing BR kwa Subaru ya kila siku

Impreza WRX yako inakupeleka kazini kila asubuhi, na matuta ya njiani unayajua yote kwa majina. Koiliova (springi na shokapu katika kipande kimoja) zote mbili, Tein na BC, zinarekebishwa kimo kwenye mguu wa chini, hivyo gari linashuka bila kuikandamiza springi. Tofauti imo ndani ya shokapu.

Flex Z ya Japani ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Jiwe likibonyeza kidogo mrija wa nje, pistoni bado inapita. BR ya Taiwan ni mrija mmoja mnene wenye gesi: hupoa haraka, usukani unajibu papo hapo, ila kila kokoto utalisikia kiunoni. Ina hatua 30 za kukaza na kulegeza shokapu, mwenzake 16. Usibabaike na hilo; wengi hukizungusha kitufe wiki ya kwanza, kisha wanakisahau.

Ikivuja, BR hufunguliwa ikakarabatiwa. Flex Z imezibwa, unanunua shokapu mpya.

Mimi ningechukua Tein, nishushe sentimita tatu, basi. Alaimenti (kupanga magurudumu yakae sawa) usiikwepe, la sivyo matairi yatalika upande wa ndani.