Siku moja Ujiji na Katonga pamoja na watoto: inafaa, ila panga saa vizuri

Anzeni Ujiji asubuhi. Daladala za kutoka Kigoma mjini zinakwenda huko, na kutoka barabarani mnashuka kwa miguu hadi kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, mahali alipokutana na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871. Makumbusho yenyewe ni madogo, na watoto huchoka upesi wakiachwa wasome maandishi peke yao. Mchukueni mwongoza wageni, na muulizeni pia habari za misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Hapo ndipo penye uzito, kuliko kusalimiana kwa Wazungu wawili. Miembe iliyopo inasemekana ni chipukizi cha mwembe wa zamani ambao wawili hao walikutana chini yake.

Kabla ya kwenda Katonga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, tazameni kwanza mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, wavuvi hupumzika na vichanja hubaki vitupu. Siku za giza, fikeni mapema dagaa wakianikwa.

Mkikodi boti, kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha; la mtu mzima humvuka akiingia majini. Upepo ukianza kuchafua ziwa, ahirisheni.