Uzoefu wangu na Dependabot: taarifa ya maktaba imfikie mwenye sehemu yake

Dependabot ni roboti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu: hutazama maktaba (vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine) na kufungua ombi la kuingiza toleo jipya. Tunaitumia kwenye mfumo wa tiketi za boti na vyumba vya wageni, timu moja ikiwa Vuga, nyengine Chake Chake. Kugundua toleo jipya la maktaba si ajabu tena. Ninachokithamini ni taarifa kumfikia anayeujua msimbo ule, na asiyehusika aachwe na kazi yake. Mtu wa malipo akiitwa kwa kila sasisho la ramani, siku ya sasisho la malipo atalipita bila kulifungua.

Mafaili ni mawili. Ndani ya .github/dependabot.yml, kila folda yenye package.json (orodha ya maktaba zake) na kufuli lake (package-lock.json, faili linalotaja matoleo kamili) ipewe sehemu yake. Ndani ya CODEOWNERS, faili linalotaja nani aombwe kukagua nini, andika njia ya folda kisha jina la timu. Zamani wakaguzi waliwekwa kwenye dependabot.yml kwa kipengele cha reviewers. GitHub ilikiondoa mwaka 2025, hivyo mzigo wote sasa uko kwa CODEOWNERS.

Na CODEOWNERS ina masharti. Mstari wa mwisho unaolingana ndio unaoshinda: nyota (*, yaani mafaili yote) ikiwekwa chini, wenye nyota watapata kila kitu. Iweke juu kabisa. Timu isiyo na ruhusa ya kuandika kwenye ripo (hazina ya msimbo) haitaitwa. Kama folda zote zinatumia package-lock.json moja, kila sasisho huligusa faili hilo na wenye nyota huitwa kila mara. Dawa ni kuandika /package-lock.json chini ya nyota bila jina lolote pembeni yake. Linakuwa halina mwenyewe. Ila dawa hii ina gharama: mtu anaweza kubadilisha kufuli peke yake bila mwenye sehemu kuombwa ukaguzi. Kwenye folda ya malipo nisingeikubali.

Kukusanya masasisho kwenye ombi moja kwa kipengele cha groups cha dependabot.yml kunasaidia sana, kwani kikomo cha maombi ya matoleo mapya ni 5 kwa kila sehemu usipokibadilisha. Weka minor (nyongeza ndogo) na patch (marekebisho ya hitilafu) pamoja, major (toleo kubwa linaloweza kuvunja msimbo) liende peke yake. Lakini kundi likivuka folda za timu mbili, ombi moja litaziita zote mbili, na ulengaji wote umepotea.

Saa ya Dependabot kuanza kazi nayo itazamwe. Usipotaja timezone, hesabu ni ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu), na "09:00" kwetu inakuwa saa sita mchana. Andika "Africa/Dar_es_Salaam" ipate kuwa saa tatu asubuhi. Ukiandika "03:00" kwa kufuata saa ya Kiswahili, kazi itaanza saa tisa usiku. Jumatatu inafaa, Ijumaa hapana, mchana watu wako msikitini na kitakachoharibika kitalala hadi wiki mpya. Masasisho ya usalama hayafuati ratiba hiyo, huja pale tahadhari inapotoka, na ndivyo inavyotakiwa.

Majaribio ya msimbo yakigeuka mekundu, yaani yakianguka, kwa kila ombi, usilaumu maktaba kwanza. Actions (huduma ya GitHub inayoendesha majaribio) ikianzishwa na Dependabot haisomi siri za kawaida za ripo, yaani manenosiri na funguo zilizohifadhiwa humo, kwa hiyo jaribio linalohitaji nenosiri la hifadhidata litaanguka. Siri hizo ziingizwe upya kwenye sehemu ya siri za Dependabot. Hili lisiahirishwe: maombi yakiachwa siku 90 bila mtu kuyagusa, Dependabot inaweza kujisimamisha kwenye ripo hiyo.