Kozi za hiari kwenye uzamili wa fedha na data: kabla ya kuchagua, ulizia faili

Malalamiko ya wasomaji wanaochukua uzamili wa fedha na uchambuzi wa data yanafanana. Kozi ya hiari ilikuwa na jina la kuvutia, A ikapatikana, halafu kwenye usaili wa benki mtu akawekewa faili la wakopaji na asijue aanzie wapi. Ugumu wa mtihani na sifa za mhadhiri utaambiwa na waliokutangulia. Mimi natazama jambo moja tu: data za mazoezi zimetoka wapi, na nani amezisafisha.

Kozi nyingi hutumia bei za hisa za Marekani, zimejaa kila siku ya soko, hazina pengo. Ukija nazo Soko la Hisa la Dar es Salaam unakwama. Hapa hisa inaweza kupitisha siku kadhaa bila kuuzwa, bei ya mwisho ikawa inajirudia, na modeli, yaani hesabu ya kompyuta ya kukadiria, ikaisoma bei hiyo iliyoganda kana kwamba ni utulivu. Unaandika kwamba hatari ni ndogo, kumbe mnunuzi ndiye hayupo. Anayefundishwa kwa data safi peke yake hatambui kosa hilo hata likiwa mbele ya macho yake.

Ndiyo maana naiweka kozi ya hatari ya mikopo, yaani uwezekano wa mkopaji kutolipa, namba moja. Tangu Januari 2018, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 9, inazitaka benki zitenge fedha kwa hasara inayotarajiwa, zisisubiri mkopo uwe chechefu. Data zake ni chafu kwa asili: mkopaji mmoja ana namba tatu za simu, mkopo wa zamani uliopangwa upya unaonekana kama mpya. Ukikuta kozi inayokukabidhi faili la namna hiyo, ichukue, hata kama kipindi ni Jumamosi jioni.

Ya pili ni kozi ya data za mfuatano wa muda, yaani namba za kitu kimoja zilizopangwa kwa tarehe. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuongoza uchumi kwa riba ya sera, yaani riba inayoipanga yenyewe, Januari 2024, ikaacha kulenga wingi wa fedha. Kozi nzuri itakuonyesha kwamba mfuatano unaovuka tarehe hiyo hausomwi kama kitu kimoja.

Ya tatu ni kufundisha kompyuta kutabiri, kwa sharti kwamba miaka ya mafunzo itangulie miaka ya majaribio. Wakichanganya rekodi za miaka yote ovyo, modeli inachungulia majibu ya kesho. Kozi ya fyucha na opsheni, yaani mikataba ya kununua au kuuza siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo, imfae anayelenga Nairobi, ambako soko la fyucha lilifunguliwa 2019. Kozi za bure za mtandaoni zinatosha kujifunzia kuandika msimbo, basi.

Kwa programu ya kuchambulia data, napendelea R waziwazi. Imetengenezwa na wanatakwimu, inashughulikia mapengo ya data vizuri, na haiuzwi. Python, lugha nyingine ya msimbo, nayo ni ya bure. Sasa inakuwaje mwanafunzi anayetumia kompyuta yake mwenyewe na programu za bure atozwe ada ya maabara kila muhula? Linaloniuma zaidi ni prospektasi, kile kijitabu cha chuo cha kutangaza masomo, yenye kozi kumi za hiari wakati zinazofundishwa ni tatu, eti waliojiandikisha hawakutosha, na ada imeshaingia benki. Huko ni kuuza kisichokuwepo. Kabla hujalipa, iandikie idara: muhula huu zinafundishwa zipi hasa, na wakutumie mfano wa faili la data la kila moja.