Fundi waja leo waondoka leo: mwaka wangu mmoja na sola, Sahare Tanga

Jamani hii nimeahidi kuiandika toka mwezi wa tatu, kila siku kesho kesho, sasa leo umeme umekatika mtaa mzima na mie nimekaa hapa feni inazunguka kichwani nikasema ngoja niandike kabla uvivu haujarudi. Ni kuhusu duka nililonunua sola ya nyumbani, lipo kwenye zile barabara za namba kule Ngamiani. Jina sitaji, sitaki maneno na watu.

Kilichonipeleka ni mgao wa mwisho mwisho wa 2023. Nina friza, nauza barafu na samaki wa kugandisha, mkiniuliza habari za mgao ule nalia. Kweli bwawa la Nyerere likaanza 2024, megawati 2,115 si mchezo, mgao ukapungua, sikatai. Ila umeme kuwepo nchini na umeme kufika jikoni kwako ni vitu viwili, huku upepo ukivuma kidogo tu mnazi ukalalia waya basi mmelala giza. Na sisi ndo tuna mitambo ya umeme wa maji ya Hale na Pangani hapo mlangoni!

Nilichofungiwa: paneli nne za wati 550, laki mbili na sitini kila moja, inveta (ile inayogeuza umeme wa paneli na betri uwashe vyombo vya nyumbani) ya kilowati 3 kwa 850,000, betri ya lithiamu ya volti 24 ampea 100 kwa milioni moja na laki nne, halafu fremu, waya, breka na ufundi 480,000. Jumla 3,770,000. Walitaka kunipa betri za jeli kwa bei ya chini nikakataa, hizo ukizitumia zaidi ya nusu kila siku zinakufa mapema, lithiamu unaikamua karibu yote. Kwa usiku mmoja hii yangu inabeba friji, feni mbili, taa, tivii na ruta mpaka alfajiri. Friza nailisha mchana, usiku ikishaganda naizima. Pasi na jagi la umeme msithubutu kwenye betri.

Fundi nampa haki yake, kazi ya juu ya bati alijua. Alipanda, akauliza ule mwembe wa jirani saa tisa kivuli kinafika wapi, akahamisha paneli zote upande wa pili, maana zimeungwa mfululizo, moja ikifunikwa inavuta zote chini. Akazielekeza kaskazini na kuzilaza kidogo tu mvua izioshe, akasema Tanga jua linapita utosini huna haja ya kuinua sana. Saa mbili asubuhi kafika, saa kumi kashuka, kakunja ngazi, kaondoka. Waja leo waondoka leo kama tunavyosema wenyewe, na shida zangu zikaanzia hapo.

Mwenye duka alinambia "dada, LUKU utaisahau," yani umeme wa TANESCO wa kulipia kabla. Mwezi wa kwanza nimenunua umeme wa elfu 45 kama kawaida. Wa pili vilevile. Napiga simu naambiwa mawingu ya vuli hayo, subiri kiangazi. Mawingu gani na jua linatuchoma hivi? Akaja mtoto wa dada yangu toka Muheza, anasoma umeme VETA, hata chai hajanywa kashika kitufe cha inveta kakibonyeza muda mrefu, namba 01 ikawaka kwenye kioo, akacheka. "Mamdogo, hii haijakufanyia kazi mchana hata siku moja." Kumbe waliiseti itumie umeme wa TANESCO kwanza, sola inajaza betri tu, na betri imekaa inasubiri umeme ukatike. Yani miezi miwili paneli nne zimeota jua bure! Akaibadilisha ianze na sola, kisha betri, gridi iwe ya mwisho. Dakika moja. Mwezi uliofuata LUKU ikashuka mpaka elfu 18, na humo kuna 1,500 ya kodi ya jengo ambayo sola haiigusi, hiyo inakatwa tu.

Sasa pigeni hesabu na mie. Naokoa kama elfu 27 kwa mwezi, 324,000 kwa mwaka, kwahiyo hela yangu inarudi baada ya miaka kumi na moja na ushee. Na mie niko T1, bei ya watumiaji wa kawaida, uniti inanigharimu kama 356 pamoja na kodi. Wewe uliye D1, bei ya watumiaji wadogo, unatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mtu akikwambia sola itakupunguzia bili mwambie akatafute mwingine. Nunua kwa ajili ya giza, hapo inalipa, friza yangu haijamwaga maji mwaka mzima. Nyingine waliyonipiga nayo ni eti umeme ukizidi nitawauzia TANESCO. Kanuni za EWURA, wale wasimamizi wa nishati, zipo kweli, ila unaomba, unakaguliwa, unafungiwa mita inayosoma kwenda na kurudi. Inveta yangu yenyewe haikufungwa kwa kazi hiyo. Kwenye kuuza walilisema kama jambo la kubonyeza kitufe.

Halafu bolti. Invoisi inasema fremu alumini na kweli ni alumini, ila bolti wameweka chuma cha kawaida, na hapa bahari ipo pale. Kusi ilipoanza kuvuma nikaona michirizi juu ya bati jeupe, rangi ya chai ya rangi, imeshuka mpaka kwenye mfereji. Nimepanda ngazi mwenyewe nikagusa moja, imemeguka kwenye vidole kama biskuti. Nikaenda dukani. Kijana wa kaunta, "shikamoo mama, risiti ipo?" Namtolea, anaiangalia, "hii ya mkono, warranti inataka ya EFD," yani ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Sasa hiyo ya mkono si aliiandika yeye?! Jamani daini EFD siku hiyohiyo mnayolipa, na muulize fundi leseni yake ya EWURA kabla hajagusa waya, mie nilikuja kugundua baadae hata ethi, ule waya wa kupeleka hitilafu ya umeme ardhini, hakuweka, nimeongeza kwa hela yangu.

Vifaa nyota nne. Kazi ya juu ya bati nyota nne, ukitoa bolti. Huduma baada ya kulipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu kijana aliamkia.

Bolti za chuma kisichoshika kutu nimenunua mwenyewe, zipo kwenye mfuko juu ya friza. Fundi kasema anakuja Jumamosi. Hii Jumamosi ya tatu.